Maji yapo, sabuni ipo, na bado mikono haijatakata

Muulize muuguzi yeyote kama kunawa mikono kuna umuhimu. Atakujibu kabla hujamaliza swali. Muulize nyakati 5 za kunawa, atazitaja, pengine kwa mpangilio uleule wa bango lililobandikwa ukutani. Sasa badilisha maswali. Ile ndoo ya klorini iliyo kwenye kona ya chumba cha kujifungulia ilichanganywa saa ngapi? Dawa iliyotumika ilikuwa ya asilimia ngapi, na maji yalikuwa lita ngapi? Sabuni ya maji ikiisha kwenye chupa, nani anaijaza, na je, chupa huoshwa kwanza? Hapo ndipo kimya kinapoanza.

Watumishi wa afya hawajapungukiwa kaulimbiu. Wanachokosa wengi ni kujua kitu kinavyofanya kazi na kinavyoharibika. Anayejua kwamba klorini inaua vijidudu, na anayejua kwamba klorini hiyo hiyo huishiwa nguvu ikikutana na damu, jua na uchafu, ni watu wawili tofauti kabisa kazini, ingawa kwenye dodoso wote watapata alama zilezile.

Vifaa navyo ni tatizo, hilo halina ubishi. Ripoti ya WHO na UNICEF ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba duniani asilimia 68 ya vituo vya afya vilikuwa na mahali pa kusafishia mikono pale mgonjwa anapohudumiwa, na asilimia 65 vilikuwa na maji na sabuni karibu na vyoo. Vilivyokuwa na vyote viwili ni asilimia 51 tu. Ziangalie tena namba hizo: vituo vingi vina sehemu moja na vinakosa nyingine. Hapo upungufu wa fedha hautoshi kueleza kila kitu. Mara nyingine ndoo ipo, ila iliwekwa mlangoni ili wageni waione, huku kitanda cha mgonjwa kikiwa hatua 20 kutoka hapo.

Mikono: "kabla" ndiyo hurukwa

Nyakati 5 ni hizi: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu (kuweka kanula, yaani mrija mdogo wa kwenye mshipa, kufunga kidonda, kuweka mrija wa mkojo), baada ya kuguswa na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Ukikaa pembeni ukaangalia, utaona zile tatu za "baada" hufuatwa zaidi kuliko mbili za "kabla". Sababu inaeleweka. Baada ya kugusa damu mtu anajionea uchafu na anajiogopea mwenyewe. Kabla ya kumgusa mgonjwa mikono inaonekana safi, na hatari si yake, ni ya mgonjwa. Kwa hiyo mafunzo yanayosisitiza tu kwamba "utaambukizwa" yanaimarisha nusu ya tabia na kuiacha nusu nyingine ilale.

Glavu zinaongeza mkanganyiko. Glavu zina vitundu visivyoonekana kwa macho, na mkono huchafuka wakati wa kuzivua. Kubwa zaidi, mtu aliyevaa glavu hujihisi msafi, akagusa kitasa, faili, simu, kisha mgonjwa wa pili. Glavu hulinda ngozi ya aliyevaa. Mgonjwa wa pili hazimjui. Huoshi glavu, huzipaki kitakasa mikono, unazivua na kunawa.

Muda pia hupotoshwa. Kunawa kwa sabuni na maji huchukua sekunde 40 hadi 60 kwa shughuli nzima, kuanzia kulowesha hadi kukausha. Kitakasa mikono cha alkoholi huchukua sekunde 20 hadi 30, na kipimo chake ni kiganja kilichojaa, si tone moja katikati. Ukiona mikono imekauka kabla ya sekunde 15, ujue dawa ilikuwa kidogo. Vinavyosahaulika zaidi ni vidole gumba, ncha za vidole na katikati ya vidole, yaani hasa zile sehemu zinazomgusa mgonjwa. Pete na kucha ndefu au za bandia huficha vijidudu hata kwa anayenawa vizuri.

Kipi kitumike lini? Kama mikono haina uchafu unaoonekana, kitakasa chenye alkoholi ni chaguo la kwanza: ni cha haraka, kinabebeka mpaka kitandani, na hakichubui ngozi kama sabuni. Mikono ikionekana chafu, ikiwa na damu, au umetoka chooni, tumia sabuni na maji. Vivyo hivyo kwa mgonjwa wa kuhara anayedhaniwa kuwa na bakteria aitwaye Clostridioides difficile, kwa sababu mbegu zake haziuawi na alkoholi. Zinahitaji kusuguliwa na kusuuzwa ziondoke. Na usifanye vyote viwili kwa mfululizo ukidhani unaongeza usalama. Unachoongeza ni ngozi kukauka na kupasuka, na ngozi iliyopasuka hubeba vijidudu vingi zaidi, halafu inauma kila ukinawa, halafu unaacha kunawa.

Kitakasa kinaweza kutengenezwa kituoni kwa fomula ya WHO. Kwa lita 10: ethanoli ya asilimia 96, mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, mililita 417, gliserini ya asilimia 98, mililita 145, kisha maji yaliyochemshwa na kupoa, au maji yaliyotoneshwa, mpaka ifike lita 10. Hiyo peroksaidi haipo kwa ajili ya mikono. Kazi yake ni kuua mbegu za bakteria zilizoweza kuingia na chupa au viambato, ndiyo maana mchanganyiko huachwa saa 72 kabla ya kutumika. Anayeuharakisha kwa sababu akiba imekwisha anaruka hatua ambayo haioni. Na kumbuka, kitu hiki kinashika moto: mvuke wake unaweza kuwaka joto likiwa kwenye nyuzi 17 au 18 tu. Dumu lake halikai karibu na jiko la kuchemshia vyombo.

Ndoo yenyewe, sabuni yenyewe

Ndoo ya koki ni kifaa cha heshima. Inatoa maji yanayotiririka hata mahali pasipo na bomba. Lakini ina mahali pake pa kuharibikia. Koki iliyofungwa sentimita kadhaa juu ya kitako huacha maji yaliyolala chini, na kila asubuhi maji mapya humiminwa juu ya yale ya jana. Baada ya wiki chache ukipitisha kidole ndani utahisi utelezi: huo ni utando wa bakteria, na klorini ya kiwango cha kunywa haiupenyi kirahisi. Dawa yake ni kuimwaga ndoo mpaka tone la mwisho, kuisugua kwa sabuni na brashi angalau mara moja kwa wiki, kuisuuza na kuiacha ikauke. Kifuniko kiwe kimefungwa, na kikombe cha kuchotea kisiwepo kabisa, maana kikombe kikiwepo kitatumika.

Chini ya koki panawekwa karai. Swali la nani anamwaga karai ndilo huamua kama watu watanawa saa nane mchana. Karai likijaa, mtu mwenye haraka hatalibeba, ataruka kunawa. Bora mrija uelekee kwenye shimo la kuchujia maji lenye kokoto.

Sabuni ya kipande ikae kwenye kisahani chenye matundu, ikatwe vipande vidogo ili ibadilishwe upesi. Ikikaa kwenye dimbwi lake inakuwa uji, na uji huo una wakazi wake. Sabuni ya maji ina mtego mwingine: kujazia juu. Chupa ikibaki robo, mtu anaongeza nyingine, tena inaongezwa maji kidogo "iende mbali". Sabuni iliyozimuliwa haiui bakteria kama Pseudomonas, inawalea. Chupa imalizwe, ioshwe, ikaushwe, ndipo ijazwe. Na ile taulo moja iliyotundikwa kwenye msumari kwa zamu nzima iondolewe leo. Karatasi zikikosekana, kila mtu kitambaa chake cha mara moja kinachokwenda kufuliwa, au mikono ikaushwe kwa hewa.

Kwenye sinki za bomba, usimwage dripu iliyobaki, mkojo wala maji ya dekio. Sukari ya dripu inalisha bakteria walioko kwenye mfereji, na maji yakishuka moja kwa moja kwenye tundu yanawarusha juu. Matone yanaweza kufika mita 1 au zaidi. Sasa angalia meza ya kuandalia sindano iko wapi.

Klorini, somo linalohitaji kalamu

Hapa ndipo uelewa unapopungua kuliko pote, na mzizi wake ni namba moja: 0.5. Maji ya kunywa yanatakiwa kubaki na klorini huru ya takriban miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30. Dawa ya kutakasia mahali palipomwagika damu ni klorini ya asilimia 0.5. Masikio yanasikia "sifuri nukta tano" mara zote mbili. Lakini asilimia 0.5 ni miligramu 5,000 kwa lita, yaani mara 10,000 ya ile ya kunywa. Anayefundisha bila kutaja kipimo baada ya namba anatengeneza ajali.

Kwa kazi za usafi kuna viwango viwili vya kukariri. Asilimia 0.1 ni kwa nyuso za kawaida baada ya kusafishwa: vitanda, meza, vitasa, sakafu ya chumba cha huduma. Asilimia 0.5 ni kwa damu na majimaji mengi ya mwili. Zaidi ya hapo si bora zaidi: macho yanawasha, kifua kinabana, chuma kinakula kutu, na mhudumu wa usafi anaanza kupunguza dawa kimyakimya ili apumue.

Hesabu ya dawa ya maji ni hii: gawanya asilimia iliyoandikwa kwenye chupa kwa asilimia unayotaka, kisha toa 1. Jibu ni sehemu za maji kwa sehemu moja ya dawa. Chupa ya asilimia 3.5 ukitaka 0.5: 3.5 kwa 0.5 ni 7, toa 1, ni 6. Kikombe kimoja cha dawa, vikombe 6 vya maji. Ukitaka 0.1 ni vikombe 34. Chupa ya asilimia 5: vikombe 9 kwa 0.5, na 49 kwa 0.1. Kosa la kawaida ni kukariri "moja kwa sita" na kuendelea nayo hata duka la dawa likibadilisha chapa. Kanuni hudumu, uwiano hubadilika na chupa.

Unga wa klorini wa asilimia 70 hupimwa kwa gramu: asilimia unayotaka gawanya kwa 70, zidisha kwa 1,000, unapata gramu kwa lita. Kwa 0.5 ni gramu 7 na ushei. Kwa ndoo ya lita 10 ni gramu 71. Kwa 0.1 ni gramu 14 kwa ndoo hiyo. Kwa kuwa mizani huwa haipo, pima mara moja mahali penye mizani, tafuta kijiko kinacholingana, kisha kifunge kijiko hicho kwa kamba kwenye kopo la unga. Vijiko havilingani, na "kijiko kimoja" bila kukitaja ni kipi hakina maana. Kwa vidonge, soma kila kimoja kinatoa gramu ngapi za klorini, si uzito wa kidonge: kinachotoa gramu 1 hutosha lita 1 ya asilimia 0.1.

Sasa yanayoharibika. Dawa ya klorini ya maji hupungua nguvu ikiwa bado dukani, hasa kwenye joto, hivyo chupa ya mwaka jana si tena ile asilimia iliyoandikwa. Ikishazimuliwa, itumike siku hiyo hiyo, ifunikwe, ikae kwenye chombo kisichopitisha mwanga. Damu, matapishi na udongo huila klorini kabla haijawafikia vijidudu, ndiyo maana kusafisha kwa sabuni hutangulia. Mahali palipomwagika damu: vaa glavu, futa kwa kitambaa kinachonyonya, osha kwa sabuni na maji, kisha weka 0.5 na subiri dakika 10 pakiwa pamelowa. Kupitisha kitambaa na kufuta hapo hapo ni kupaka harufu. Harufu, kwa kweli, ndiyo mdanganyifu mkuu wa fani hii. Chumba kinanuka klorini, wote wanaamini kimetakata.

Usiichanganye na dawa za vyoo zenye asidi, kwa sababu hutoa gesi ya klorini. Wala na amonia, mkojo mwingi ukiwemo, kwa sababu hutoa gesi nyingine za kuunguza mapafu. Usiinyunyize hewani wala juu ya watu. Usiitumie kunawia mikono kama kuna sabuni au kitakasa. Ile ya mikono ya asilimia 0.05 ni ya dharura tu.

Kuna jambo moja ambalo waliosoma zamani hukataa kulikubali, na siwalaumu, maana walifundishwa hivyo kwa miaka mingi: kuloweka vifaa vya upasuaji na vya kuzalishia kwenye klorini ya 0.5 kwa dakika 10 kabla ya kuviosha. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2016 kuhusu uandaaji wa vifaa tiba haushauri tena jambo hilo. Damu iliyo kwenye mkasi inaiua klorini badala ya klorini kuua vijidudu; chuma kinaliwa na kupata vishimo ambamo uchafu hujificha; na ndoo inayotumika kifaa baada ya kifaa inageuka supu ya vijidudu. Mbaya zaidi, mtu huamini kuwa vifaa vimeshakuwa salama, akaviosha bila glavu nzito. Kinachotakiwa ni kuvizuia visikauke, kwa maji, kitambaa chenye unyevu au povu la kazi hiyo, kuviosha mapema kwa sabuni na brashi chini ya usawa wa maji ili matone yasiruke, kufungua bawaba zote, kusuuza, kukausha, kisha kupeleka kwenye otoklevu, mashine inayoua vijidudu kwa mvuke wa moto: nyuzi 121 kwa dakika 30 kwa vilivyofungwa, au nyuzi 134 kwa angalau dakika 3, na saa ianze kuhesabiwa joto likishafika, si moto ulipowashwa. Kifaa kichafu hakitaswi, hata kikikaa humo mpaka jioni.

Daktari Ignaz Semmelweis alipowataka madaktari wa Vienna mwaka 1847 wanawe kwa maji ya chokaa ya klorini kabla ya kuwahudumia wazazi, vifo vya homa ya uzazi vilishuka sana. Lakini nadharia ya vijidudu ilikuwa bado haijathibitishwa, wenzake wengi hawakukubali maelezo yake, na utaratibu haukushika mizizi. Leo sababu zinajulikana, ila mara nyingi tunawapa watumishi amri peke yake, kisha tunashangaa utaratibu unapokufa wiki mbili baada ya semina.

Maji yatoshe, na yapimwe

"Tuna maji" si jibu. Viwango vya WHO ni lita 5 kwa kila mgonjwa wa nje, lita 40 hadi 60 kwa kila aliyelazwa kwa siku, na lita 100 kwa kila uzazi au upasuaji. Kituo chenye wagonjwa wa nje 40, waliolazwa 6 na wazazi 2 kwa siku kinahitaji 200 kwa wagonjwa wa nje, 300 kwa waliolazwa (tukichukua 50 kila mmoja), na 200 kwa wazazi: lita 700. Bomba hukatika, hivyo akiba ya siku 2 ni lita 1,400. Tangi la lita 1,000 linaloonekana kubwa pale nje halitoshi, na hesabu hiyo inachukua dakika 2 tu. Ajabu ni jinsi isivyofanywa.

Kupima klorini iliyobaki kwa kidonge cha DPD, kinachogeuza maji yenye klorini kuwa ya waridi, ni rahisi: suuza kichupa kwa maji yenyewe, jaza hadi alama, tia kidonge bila kukigusa kwa vidole, kiyeyuke, linganisha rangi ya waridi mara moja. Ukichelewa, rangi hubadilika na jibu linakuwa la uongo. Mtego mwingine ni huu: klorini ikizidi sana, huifuta rangi, na maji yanabaki meupe kana kwamba hayana klorini kabisa. Anayepima bila kulijua hilo ataongeza dawa. Ukiona weupe baada ya waridi kumulika kwa sekunde moja, zimua sampuli kwa maji yasiyo na klorini na upime upya.

Maji yenye tope hayatibiki kwa klorini peke yake. Vijidudu hujificha kwenye chembe, nayo klorini inaishia kwenye tope. Yatuame au yachujwe kwanza. Tangi nalo lina uchafu wake chini, lisafishwe angalau mara 2 kwa mwaka. Baada ya kusugua, jaza maji na klorini ya miligramu 50 kwa lita, yaani takriban gramu 71 za unga wa asilimia 70 kwa tangi la lita 1,000, fungua koki zote mpaka harufu ifike, acha usiku kucha, mwaga, suuza. Na waambie watu wote wasinywe usiku huo. Hilo usilisahau.

Anayedeki anajua nini?

Mafunzo ya usafi hupewa wauguzi na madaktari. Anayeshika kitambaa mara nyingi hapewi, kwa sababu anahesabiwa kibarua. Basi ndiye anayeamua kipimo cha klorini, ndiye anayebeba taka, na ndiye asiyealikwa kwenye kikao.

Mambo anayohitaji si mengi. Anza pasafi umalizie pachafu, juu kuelekea chini, choo mwisho kabisa. Ndoo 3: ya sabuni, ya kusuuzia, ya klorini, ukiwa na ndoo moja, maji ya chumba cha kwanza ndiyo unayoyapaka chumba cha tano. Kitambaa kikikunjwa mara mbili kinakupa pande 8 safi. Upande ukitumika, geuza, usirudishe kitambaa kichafu kwenye ndoo ya dawa. Usifagie kwa ufagio mkavu wodini, vumbi linapaa na kutua kwenye vidonda. Dekio lioshwe na lianikwe likauke. Likiachwa limesimama kwenye ndoo usiku, asubuhi linadekia bakteria. Na zaidi ya sakafu, ambayo hupendwa kwa sababu huonekana, sugua vinavyoguswa: reli za vitanda, vitasa, swichi, mpini wa machela, mkanda wa kipimo cha shinikizo la damu. Kitanda cha kuzalishia husafishwa kati ya kila mzazi na mzazi, hadi chini ya godoro. Godoro lililopasuka haliwezi kutakaswa. Damu imeshaingia kwenye sponji.

Choo na taka

Kuhusu choo niseme kwa ufupi. Choo kilichofungwa kwa kufuli, na ufunguo haijulikani uko kwa nani, kwa mgonjwa si choo. Kiwango cha msingi ni angalau kimoja cha watumishi, kimoja cha wanawake chenye ndoo ya kutupia pedi, maji na faragha, na kimoja kinachoingilika kwa kiti cha magurudumu au mjamzito mwenye uchungu. Sehemu ya kunawa isizidi mita 5. Kwa waliolazwa, choo 1 kwa watu 20. Choo cha shimo kikae walau mita 30 kutoka kisimani. Na klorini usiimwage kwa ndoo kwenye tangi la maji taka: unawaua bakteria wanaofanya kazi ya kuoza uchafu, kisha tangi linajaa.

Takriban asilimia 85 ya taka za kituo cha afya ni za kawaida, maganda na karatasi. Zile 15 ndizo hatari. Lakini kanula moja ikitupwa kwenye kapu la karatasi, kapu zima ni la hatari. Utenganishaji hufanyika mkononi mwa aliyezalisha taka, pale pale, sekunde ileile. Haufanyiki baadaye kwa mtu kuchambua. Kwa hiyo sanduku la ncha kali liwe karibu kiasi cha kufikiwa bila kupiga hatua ukiwa umeshika sindano. Sindano isirudishiwe kifuniko. Sanduku lifungwe likifika robo tatu. Wengi huchomwa wakisukuma ile robo ya mwisho. Kichomea taka kinahitaji kuzidi nyuzi 800, na mtu anayekijaza dripu zenye maji na kondo la nyuma anakizima kwa mikono yake. Kondo liende kwenye shimo lake, lenye mfuniko unaofungwa na bomba la hewa, kitako chake kikiwa mita 1.5 hadi 2 juu ya maji ya ardhini, na lisimwagiwe klorini, kwa sababu ileile ya tangi.

Jinsi ya kupima uelewa

Dodoso hupima kumbukumbu. Ukitaka kujua uelewa, mpe mtu chupa ya klorini ambayo hajawahi kuitumia, ndoo na kikombe, umwambie atengeneze ya asilimia 0.5, kisha nyamaza. Mwombe aoneshe anavyovua glavu. Mwulize kitu gani kingemfanya aimwage dawa iliyomo ndooni kabla ya jioni. Ukimwona anatafuta lebo ya chupa kabla ya kushika kikombe, huyo amekwisha kuelewa.

Kuangalia watu wakinawa kuna kasoro inayojulikana: mtu akijua anatazamwa, hunawa. Kwa hiyo pima pia matumizi. WHO hutumia kiashiria cha angalau lita 20 za kitakasa kwa kila siku 1,000 za wagonjwa waliolazwa (mgonjwa mmoja akilala siku moja, hiyo ni siku 1). Kituo kinachosema kila mtu anatakasa mikono, na dumu la lita 5 limedumu miezi mitatu, hesabu zake zimeshajieleza. Kwa nyuso, paka nukta ya jeli inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno kwenye reli na vitasa kabla ya zamu, rudi na taa baada ya usafi. Onyesha matokeo kwa wote, msimamizi akiwemo, bila kumwita mtu jina. Nukta iliyobaki mara nyingi inaonyesha sehemu ambayo hakuna aliyewahi kuambiwa ni kazi yake.

Kisha andika juu ya kila ndoo, kwa wino usiofutika na maji: kilichomo, asilimia, saa ya kuchanganya, jina la aliyechanganya, saa ya kumwaga. Mistari mitano. Ndoo isiyo nayo imwagwe.